Taa ya kuchaji inafifia nikifika Barafu

Swali: Habari wakuu. Ni mpishi wa wageni Kilimanjaro, njia ya Machame. Taa yangu ya kuchaji nikiwa Moshi inawaka usiku kucha. Kambi ya Barafu, mita 4,673, nikiiwasha saa kumi na mbili jioni, saa mbili imeshafifia. Na saa tano usiku ndipo nachemsha chai ya wanaokwenda kileleni! Betri imekufa?

Jibu: Haijafa kaka, ni baridi. Betri ya lithiamu ikipoa sana hutoa umeme kidogo. Mchana izungushie sweta katikati ya begi. Na alfajiri usikimbilie kuichaji ikiwa bado ya baridi: kuchaji chini ya nyuzi 0 ndiko kunakoiua kweli.

Jibu: Msimu ukiisha, iweke na chaji kama nusu. Yangu niliiacha tupu masika yote, haikuwaka tena. Tundu la chaji lisugue vumbi kwa mswaki mkavu.

Muulizaji: Nimeshuka jana. Nililala nayo kifuani, nikaiwasha saa nne na nusu kwa mwanga mdogo. Chai imemiminwa, viatu vimefungwa, bado inawaka. Asanteni sana.