Makocha wa "tumbo flati siku 7", acheni kula hela za watu na kuwaumiza

Wakuu, uzi huu ni wa hasira, lugha mtanisamehe.

Kila ukifungua simu tangazo ni lile lile: lipia, uingizwe kwenye grupu, utumiwe sitapu (kulala chali na kuinua kiwiliwili) 100 asubuhi na 100 jioni, wiki haiishi kitambi hakipo. Uongo. Misuli ya tumbo iko chini, mafuta yako juu yake, na mengine yako ndani kabisa yamezunguka utumbo. Msuli ukifanya kazi hauchoti mafuta ya jirani yake. Mwili huyatoa kila mahali na kuyapitisha kwenye damu, na wapi paanze kupungua ni mambo ya kurithi, jinsia na homoni. Wapo ambao uso hutangulia, tumbo likafuata mwisho. Sitapu 100 zenyewe hazifiki kalori 50. Soda ya nusu lita ina 200 na ushee.

Na hata hizo sitapu mnazifundisha vibaya. Mtu kashikwa miguu, mikono kisogoni, anajivuta shingo. Miguu ikishikwa, kazi kubwa inahamia kwenye misuli ya nyonga iliyojishikiza kwenye pingili za kiuno. Ndiyo maana kesho yake analalamika kiuno. Mpeni planki, yaani kujiinua kifudifudi kwa viwiko na vidole vya miguu, mwili umenyooka: viwiko chini ya mabega, makalio yabanwe, sekunde 20 hadi 30, mara 3 au 4. Kiuno kikianza kubonyea, basi, apumzike. Planki ya dakika tano ya kutetemeka mbele ya kamera ni maonyesho tu.

Kinachoniudhi kuliko vyote ni kumpa sitapu mama aliyejifungua juzi. Mimba huachanisha misuli miwili ya mbele ya tumbo. Kupima ni dakika moja: alale chali, magoti juu, ainue kichwa kidogo, abonyeze vidole juu ya kitovu. Vikizama viwili au zaidi kwa upana, au katikati pakitokeza kama tuta, sitapu zikae kando, aanze na kutoa pumzi taratibu huku akivuta kitovu ndani, na amwone mtu wa fiziotherapia (tiba ya viungo). Nyinyi mnamwambia "kaza dada, maumivu ndiyo matokeo"!

Kujifunga nailoni tumboni ili atoke jasho? Jasho ni maji, akinywa yanarudi. Chai ya sanamaki inahangaisha utumbo mpana wakati kalori zimeshafyonzwa kwenye utumbo mwembamba. Anaharisha maji na potasiamu, asubuhi tumbo limenywea, mnapiga picha. Ndimu na maji ya moto hata sina nguvu ya kujibu.

Kilo moja ya mafuta ni kama kalori 7,700. Mtu akipunguza 500 kwa siku anashuka nusu kilo hivi kwa wiki, hiyo siku 7 yenu mmeitoa wapi? Aanze na soda, bia, maandazi na chapati za chai, kisha ugali apunguze theluthi, aongeze maharage, dagaa na mboga zisizoogelea mafuta. Atembee haraka, anaweza kuongea lakini hawezi kuimba, nusu saa siku tano. Siku mbili afanye skwati (kuchuchumaa na kuinuka), pushapu (hata za ukutani) na kuvuta ndoo ya lita 10: ainame mgongo ukiwa umenyooka, kiwiko kielekee kiunoni, seti 3 za mara 10 kila mkono.

Apime kwa tepu ya fundi cherehani, katikati ya ubavu wa mwisho na mfupa wa nyonga, baada ya kutoa pumzi. Siyo pale anapofungia mkanda chini ya kitambi. Kwa vigezo vya WHO, hatari huanza kupanda mwanamume akizidi sentimita 94, mwanamke 80.

Kocha anayetaka kubisha aweke hapa vipimo vya tepu vya wateja wake vya miezi mitatu. Picha mbili zenye taa tofauti, ya pili kavuta tumbo ndani, hatutaki.