MREJESHO: Mawe ya bustani, lipi granaiti na lipi la chokaa

Wadau, niliwaletea swali la mafungu mawili ya mawe, moja jeupe na jingine la kijivu, ambayo muuzaji alisema yote ni granaiti. Nimefanya majaribio mliyonielekeza.

Jeupe nililidondoshea siki. Likatoa mapovu papo hapo, na ukisogeza sikio unasikia linavyochemka. Kisu kililikwaruza kirahisi. Tena lina vitundu na alama za konokono wa baharini. Hilo ni jiwe la chokaa la matumbawe, jamii moja na lile la Wazo Hill, Dar es Salaam, linalotengenezewa saruji.

La kijivu siki haikulifanya kitu, kisu kiliteleza tu. Lina mistari myeusi na myeupe yenye chembe zinazometa: ni naisi, jiwe lililobadilishwa na joto na mgandamizo mkubwa chini ya ardhi. Kwa ugumu halipishani sana na granaiti, kwa hiyo nimelitandika njia ya getini, ambako gari linapita na maji ya masika yanatiririka kwa nguvu.

Jeupe limekaa ukingoni mwa maua, ila mbali na iksora. Aliyenitahadharisha kwamba chokaa hupunguza asidi ya udongo na majani ya iksora huwa ya njano, Mungu akubariki sana, maana mama anazipenda kuliko maua yote.

Muuzaji naye nilimwonyesha jaribio la siki. Akapunguza bei ya jeupe bila ubishi.