Mjadala: Kofia nyeupe na gaitou za Wahui ni mavazi ya dini, ya kabila, au ya Kiarabu?

Mleta mada

Asalaam alaykum wadau, na salamu kwa wote.

Nilisoma Lanzhou, mkoa wa Gansu, kaskazini-magharibi mwa China. Wiki ya kwanza nilikuwa siwezi kusoma hata herufi moja ya Kichina, kwa hiyo njaa ikinishika natafuta kofia. Nikimwona mtu nyuma ya sufuria la tambi za nyama ya ng'ombe amevaa kofia nyeupe ya duara, naingia na kula bila wasiwasi. Hao ni Wahui, Waislamu wanaozungumza Kichina, zaidi ya milioni 11 kwa sensa ya 2020. Kwa sura huwezi kuwatenganisha na jirani zao Wahan, kabila kubwa kuliko yote China, na mara nyingi utawajua kwa kilicho kichwani.

Mwanamume wa Kihui akijipamba huvaa kofia hiyo, shati jeupe na kizibao cheusi. Mwanamke huvaa gaitou, ushungi unaofunika nywele, masikio na shingo, uso ukabaki wazi. Kwa desturi ya huko msichana huvaa ya kijani, pengine imetariziwa maua pembezoni, aliyeolewa huvaa nyeusi, na bibi mwenye wajukuu huvaa nyeupe.

Sasa vazi hili linavutwa huku na huku. Serikali inataka Uislamu "wa Kichina". Mwaka 2018 ulitoka mpango wa miaka mitano wa jambo hilo, na tangu hapo kuba za misikiti zimeshushwa na maandishi ya Kiarabu yamefutwa kwenye mabango ya migahawa. Upande wa pili wapo Waislamu wenyewe, hasa waliosoma nchi za Kiarabu, wanaoona gaitou ni mila tu na kwamba abaya nyeusi ndiyo sunna zaidi.

Mimi nasema wote wamekosea. Sura ya Nur, aya ya 31, inawaamrisha waumini wa kike waangushe shungi zao vifuani. Haikutaja kijani, haikutaja nyeusi, haikutaja mshono wa Riyadh. Amri imetoka kwenye Kitabu, rangi wamezichagua Wahui. Binti anayevua gaitou ya kijani akavaa abaya amebadilisha fundi tu, aya iko palepale. Karibuni.

Mchangiaji wa kwanza

Mkuu, unaipa kofia uzito wa dini ambao haina. China inatambua makabila 56 na Uhui unaandikwa kwenye kitambulisho. Watazame akina Ding wa Chendai, mkoa wa Fujian. Walitambuliwa rasmi kuwa Wahui mwaka 1979 kwa sababu ya nasaba ya mababu Waislamu, ilhali wengi wao walikuwa wameacha swala vizazi na vizazi, hata nguruwe wanakula. Kama mtu anaweza kuwa Mhui bila kutamka shahada ya Uislamu, basi kofia ya Mhui ni kama shuka la Mmasai, alama ya kabila. Tuiache hivyo na ugomvi utaisha.

Mleta mada

Ndugu yangu, mfano wako nauchukua, ila unanisaidia mimi. Akina Ding walipewa jina kwa sababu ya nasaba. Kofia je, imekolea wapi? Nenda Linxia, mji wanaouita Makka Ndogo ya China, utaona barabara nzima nyeupe. Nenda miji mikubwa ya mashariki, Wahui wengi huitia mfukoni na kuivaa wakifika mlangoni pa msikiti. Inafuata swala. Wafuasi wa tarika ya Jahriyya, ya Ma Mingxin aliyeuawa mwaka 1781, wana hata kofia yao yenye pembe sita. Kabila ni lilelile, tarika tofauti, kofia tofauti. Hilo kitambulisho hakielezi.

Mchangiaji wa pili

Naongezea kwenye hilo neno "Kiarabu". Ahong, yaani imamu wao, akiongoza swala huvaa joho refu liitwalo zhunbai. Hilo ni neno la Kiarabu *jubba*, ndilo hili letu juba. Kilemba chake ni dastar, neno la Kiajemi, kama lilivyo la Kiajemi hilo hilo ahong. Wana na soksi za ngozi, ziitwazo khofu, ambazo mtu hupangusa maji juu yake badala ya kuosha miguu, maana baridi ya Gansu haina mzaha na mtu anayetawadha alfajiri. Mwaka 1368 mfalme Hongwu, wa ukoo wa kifalme wa Ming, alipiga marufuku mavazi ya kigeni. Mababu wa Wahui wakavaa Kichina, maneno haya yakabaki vinywani. Zheng He, yule nahodha wa Ming ambaye misafara yake ilifika Malindi, ametoka kwenye watu hao hao. Ukisema utoe cha nje ubakize cha Kichina, utashika mkasi ukatie wapi?

Mchangiaji wa tatu (Mombasa)

Kaka zangu, mmeongea sana juu ya kitambaa cha mtu mwingine. Bibi yangu alivaa buibui la kamba, mimi navaa abaya ya Dubai, na hakuna aliyenilazimisha. Kwa nini binti wa Ningxia, jimbo la Wahui huko China, akifanya nilivyofanya mimi aambiwe amepoteza asili yake? Tena gaitou inatangaza barabarani nani ameolewa na nani bado, wakati kofia ya mume ni nyeupe tangu utoto hadi sanda. Nani alikaa akapanga hivyo?

Wahui wana jambo ambalo sisi hatuna: misikiti ya wanawake, yenye ahong wanawake. Ule wa kichochoro cha Wangjia, Kaifeng, ni wa mwaka 1820. Waulizwe hao.

Mleta mada

Bi, umesema kweli, na maneno yangu juu ya binti na abaya nayarudisha. Achague mwenyewe.

Kinachonichoma bado ni hiki. Mwaka 2018, kule kule Linxia, watoto wa chini ya miaka 16 walizuiwa kusoma dini misikitini. Kofia hazijakatazwa, zinauzwa, zinapigwa picha, zinachezewa ngoma jukwaani kwenye sherehe za makabila. Mtoto wa miaka kumi anaivaa. Ila wa kumfundisha wudhuu unaoendana nayo amebaki baba yake peke yake, jioni, akishafunga mgahawa.