Muamala wa ACH ukirudishwa kwa madai kwamba haukuidhinishwa, nani anawajibika?

Mhasibu_Makini (mwuliza swali)

Ndugu wanajukwaa, naomba ufafanuzi kutoka kwa wenye uzoefu na ACH, mtandao wa Marekani wa kuhamisha fedha kielektroniki baina ya akaunti za benki. Ninashughulikia hesabu za kampuni inayotoa mafunzo kwa njia ya intaneti, na wateja wetu wenye akaunti katika benki za Marekani hulipa ada ya kila mwezi kwa fedha kukatwa moja kwa moja kwenye akaunti zao. Hatupeleki maagizo benki sisi wenyewe. Tumeingia mkataba na kampuni inayochakata malipo, nayo ndiyo huyapeleka katika benki yake. Mteja mmoja alijisajili, akakubali masharti, akatumia huduma, na fedha zikaingia kwetu bila tatizo. Wiki kadhaa baadaye fedha hizo zilichukuliwa tena kwa msimbo R10, yaani mteja ameiambia benki yake kwamba hakuidhinisha makato hayo.

Nilipouliza, kampuni ya kuchakata ilijibu kwamba uamuzi ni wa benki ya mteja, na benki ya mteja ikakataa kuzungumza nami kwa kuwa mimi si mteja wake. Kumbukumbu zote za idhini ninazo. Naomba kujua kila mshiriki katika mlolongo huu ana wajibu gani hasa, kwa nini fedha zilirudishwa kabla ya mtu yeyote kuniuliza ushahidi, na kama nikiuwasilisha ushahidi huo sasa fedha zitarejea.

Msomaji_wa_Kanuni

Ndugu Mhasibu, jibu la swali lako la pili ndilo linalofungua mengine, kwa hiyo nitaanzia hapo. Kanuni za ACH hutungwa na Nacha, chombo kilichoanzishwa mwaka 1974, na zimejengwa juu ya msingi mmoja ambao wafanyabiashara wengi hawaelezwi wanaposaini mikataba: benki inayoingiza agizo la makato katika mtandao ndiyo inayodhamini kwamba agizo hilo limeidhinishwa. Benki ya mteja haioni idhini, haiiombi kabla ya kukata fedha, na hailazimiki kuichunguza. Inapokea agizo na kulitekeleza kwa kuamini dhamana ya benki iliyolileta. Kwa kuwa imetekeleza kwa kuamini, kanuni zinaipa haki ya kulirudisha agizo hilo mteja wake anapolikana, bila kungoja upande wa pili ujitetee.

Sasa washiriki wenyewe. Ninyi ni mwanzilishi wa agizo, na wajibu wenu mkubwa ni kupata idhini iliyo wazi, kuitunza kwa miaka 2 baada ya kukoma au kufutwa kwake, na kukata kiasi kilichokubaliwa katika tarehe iliyokubaliwa. Juu yenu ipo benki ya mwanzilishi, ambayo inapaswa kumfahamu kila anayeleta maagizo kupitia kwake, kumwekea ukomo wa kiasi anachoweza kupeleka, na kubeba hasara mbele ya mtandao endapo mwanzilishi atashindwa kulipa. Katikati yupo mwendeshaji, na wapo wawili tu: Federal Reserve, ambayo ndiyo benki kuu ya Marekani, na The Clearing House kupitia mtandao wake wa EPN. Mwendeshaji hupanga mafaili, huyapeleka kwa benki zinazohusika na kufanikisha malipo baina yao; uhalali wa makato si kazi yake, kwa hiyo usipoteze muda kumtafuta. Upande wa mwisho kuna benki ya mpokeaji na mpokeaji mwenyewe. Mpokeaji hapa ni yule anayefikiwa na agizo, hata kama fedha zinatoka kwake.

Kuhusu muda, marejesho ya kawaida, kama vile akaunti kukosa salio (R01) au kuwa imefungwa (R02), yanapaswa kufika katika benki ya mwanzilishi kabla ya kufunguliwa kwa kazi siku ya pili ya kibenki tangu malipo yalipokamilika. Madai ya mtu binafsi kwamba hakuidhinisha makato yana dirisha refu zaidi, siku 60 za kalenda tangu siku hiyo ya ukamilishaji. Ndiyo maana fedha ulizokwisha kuziingiza vitabuni ziliondoka wiki kadhaa baadaye. Mhasibu anayehesabu makato ya ACH kama mapato yasiyoweza kurudi tangu siku yanapoingia anajenga taarifa za fedha juu ya msingi usio imara, na ninalisema hili kwa uzito kwa sababu nimeona kampuni zikilipa mishahara kwa fedha za namna hiyo.

Swali la tatu: hapana, ushahidi wako hautazirudisha fedha kupitia mtandao. Benki ya mteja ina haki ya kuomba nakala ya idhini kwa maandishi, na benki ya mwanzilishi inapaswa kuitoa ndani ya siku 10 za kibenki, lakini hakuna kanuni inayolazimisha marejesho ya R10 yabatilishwe kwa sababu idhini imeonekana. Iwapo mteja alipata huduma na kweli aliidhinisha, deni lake kwenu lipo palepale. Mtalidai kwa mkataba wenu naye, kwa barua, kwa mazungumzo au mahakamani, nje ya ACH.

Dawati_la_Benki

Naongezea kwa upande wa benki ya mpokeaji, kwa kuwa nimefanya kazi katika kitengo kinachopokea malalamiko haya. Si kweli kwamba mteja hupiga simu tu na fedha zikarudi. Kabla ya kutumia R10 benki inapaswa kupata tamko la maandishi, ambalo mteja analithibitisha kwa saini ya mkono au ya kielektroniki, likitaja muamala unaohusika na sababu ya kuukana. Tamko hilo linatunzwa, na benki ya mwanzilishi inaweza kuomba nakala yake. Kwa hiyo, Ndugu Mhasibu, waombe kampuni yako ya kuchakata wafuatilie nakala hiyo kupitia benki yao. Mara nyingi ndani yake utaona kama mteja anadai hakujui kabisa, au anadai alikwisha kufuta idhini, na mambo hayo mawili yanahitaji hatua tofauti kutoka kwenu.

Nyuma ya kanuni za Nacha ipo pia sheria ya nchi. Kanuni E inayolinda watu binafsi katika uhamishaji wa fedha kwa njia ya kielektroniki inamtaka mteja atoe taarifa ya kosa ndani ya siku 60 tangu benki ilipomtumia taarifa ya akaunti inayoonyesha muamala huo, na inaitaka benki ichunguze ndani ya siku 10 za kazi, au ichukue hadi siku 45 ikiwa imemrudishia mteja fedha kwa muda. Benki iliyobanwa na muda huo kisheria haiwezi kukaa ikisikiliza maelezo ya mfanyabiashara ambaye haina mkataba naye. Walipokataa kuzungumza nawe hawakuwa wakikudharau. Taarifa za akaunti ya mteja wao si mali yao kumpa mtu wa nje.

Jambo jingine ambalo waanzilishi wengi hulisahau ni kwamba benki ya mpokeaji inaruhusiwa kuingiza agizo kwa kutegemea namba ya akaunti peke yake, hata kama jina lililoandikwa halilingani. Mteja akikosea tarakimu moja, agizo linaweza kuangukia akaunti ya mtu asiyewajua kabisa, na huyo atalikana kwa haki.

Mhasibu_Makini

Nashukuru sana kwa maelezo haya. Kuna jambo limebaki. Kampuni ya kuchakata sasa inazuia sehemu ya makusanyo yetu ikidai ni akiba ya marejesho yajayo, wakati huohuo inaendelea kusema kwamba haina wajibu wowote katika suala hili. Je, yanawezekana yote mawili?

Mratibu_Malipo

Ndugu Mhasibu, kuzuia akiba kunawezekana kama mkataba wako unaruhusu, na mikataba mingi inaruhusu. Kusema hawana wajibu ni jambo jingine. Ikiwa ninyi hamna mkataba wa moja kwa moja na benki, bali wao ndio wenye mkataba na benki na ninyi mna mkataba nao, basi katika kanuni wao ni mtumaji wa upande wa tatu. Mtumaji wa aina hiyo anabeba mbele ya benki wajibu wa waanzilishi anaowawakilisha, anapaswa kuwachunguza kabla ya kuwapokea, kufuatilia viwango vyao vya marejesho, kufanya tathmini ya hatari, na kukaguliwa kila mwaka kuhusu uzingatiaji wa kanuni. Benki nayo inatakiwa kumsajili kwa Nacha.

Kwa mtiririko wa hasara, fuata mikataba kinyumenyume: benki ya mpokeaji inarejesha kwa benki ya mwanzilishi, benki hiyo inadai kwa mtumaji wa upande wa tatu, naye anadai kwenu. Ninyi mkifilisika, anabaki yeye na pengo. Akiba wanayoizuia ni kinga dhidi ya pengo hilo, na kwa maoni yangu si dhuluma, ila mna haki ya kuelezwa kwa maandishi kiasi chake kimekokotolewaje na kitaachiliwa lini. Kama mkataba uko kimya kuhusu tarehe ya kuachiliwa, hapo ndipo pa kusimamia kidete wakati wa kuuhuisha.

Msomaji_wa_Kanuni

Ndugu Mratibu amelieleza vizuri. Nirudie kidogo suala la viwango, kwa maana ndilo litakaloamua kama mtaendelea kupokelewa na benki yoyote. Nacha imeweka ukomo wa asilimia 0.5 kwa marejesho ya kutoidhinishwa, yakilinganishwa na makato yote ya mwanzilishi. Ukivuka, benki yako inaweza kutakiwa kueleza itakavyokushusha chini ya kiwango hicho. Kwa kampuni inayopeleka makato 400 kwa mwezi, hayo ni marejesho 2 tu.

Angalia pia msimbo kwa makini kila unapoupata. Tangu mwaka 2020, R11 inatumika pale mteja anapokiri kwamba aliidhinisha lakini agizo lina kosa, mathalani kiasi hakilingani au limekuja kabla ya tarehe. Hapo mnaweza kurekebisha kosa na kulipeleka upya bila kuomba idhini mpya. Kwa R10 hamruhusiwi. Kulipeleka tena agizo lililokanwa bila idhini mpya ni ukiukaji wa kanuni, hata kama mna hakika kabisa kwamba mteja hasemi kweli. Na kwa kuwa idhini zenu zinapatikana kwenye tovuti, tangu mwaka 2021 mnatakiwa kuthibitisha namba ya akaunti kabla ya kuitumia kwa mara ya kwanza. Waulizeni wachakataji wenu kwa maandishi nani kati yenu anafanya uthibitisho huo, kwa sababu nimeona mikataba ambamo kila upande ulidhani ni kazi ya mwenzake.

Mhasibu_Makini

Nimepitia mkataba wetu leo. Kifungu cha uthibitisho wa akaunti kinasema ni jukumu la mfanyabiashara, na sisi hatukuwa tukifanya. Nimewaandikia wachakataji kuomba nakala ya tamko la mteja, hesabu ya akiba na maelezo ya njia za uthibitisho wanazotoa, na tumesimamisha makato ya mteja huyo hadi atakapotoa idhini mpya. Nitaweka hapa majibu yao yakifika.