Nimepata nafasi ya BA na sheria kwa pamoja huku Brisbane, nianzie wapi?

Neema_Logan
Shikamooni wakubwa, na wadogo mambo. Nimemaliza darasa la kumi na mbili mwaka jana na QTAC (ofisi inayogawa nafasi za vyuo Queensland) wamenipa nafasi ya digrii mbili kwa pamoja, BA na sheria, miaka mitano, tunaanza mwisho wa mwezi wa pili. Nimefurahi mno ila kichwa kinauma. Nyumbani hakuna aliyesoma chuo huku, sisi tumetokea kambi ya Nyarugusu kule Tanzania, wazazi ni watu wa Fizi, Kongo, na mimi ndo nawasomea barua zote za serikali tangu niko primari. Baba anasema sheria sawa lakini hiyo BA ya nini, historia utakula? Chukua sheria peke yake au soma unesi umalize mapema. Mimi historia naipenda kweli, na Kifaransa cha nyumbani ninacho kidogo nataka nikiendeleze.

Sasa naomba kujua, nimalize BA yote kwanza ndo niingie sheria au nichanganye toka mwanzo? Mwaka wa kwanza masomo mangapi ya sheria? Na HECS, ule mkopo wa serikali wa ada, inakuwaje kwa mtu ambaye hajapata uraia? Alafu wikiendi nafanya kazi kwenye nyumba ya wazee na siwezi kuiacha, nyumbani wanaitegemea.

Mwana_wa_Kasulu
Marahaba mdogo wangu, hongera sana aisee. Mimi niko mwaka wa nne wa digrii kama hiyo hiyo, chuo kingine. Changanya toka mwanzo, na vyuo vingi vimeshapanga hivyo wenyewe. Mzigo kamili ni masomo manne kwa semesta, mwaka wa kwanza mara nyingi ni mawili ya sheria na mawili ya BA au karibu na hapo, ukifika miaka miwili ya mwisho ni sheria karibu tupu.

Kitu ambacho nataka ukijue mapema, kuna masomo 11 ambayo bila hayo huapishwi kuwa wakili popote Australia, wanayaita Priestley 11: jinai, madhara (mtu kumdhuru mwenzake na kudaiwa fidia), mikataba, mali na ardhi, ekwiti (kanuni za haki zinazojazia sheria), makampuni, sheria ya utawala, katiba, mwenendo wa mashauri ya madai, ushahidi, na maadili ya uwakili. Mengi yana sharti kwamba uwe umepita somo fulani kwanza, na mengine yanafundishwa semesta moja tu kwa mwaka, kwaiyo ukiliruka moja unakaa unalisubiri mwaka mzima na yanayolifuata yote yanasogea. Chukua karatasi, chora semesta zote kumi, weka hayo ya lazima kwanza, alafu historia yako ijaze nafasi zilizobaki. Na hiyo historia nayo ipange, maana huwezi kukusanya masomo ya ngazi ya kwanza tu kutoka kila idara, ili uhesabiwe umebobea lazima ufike yale ya mwaka wa tatu.

Kuhusu kazi. Vyuo vinashauri kama masaa kumi kwa wiki kwa kila somo, na kwenye sheria usidhani wanatia chumvi, kesi moja inaweza kuwa kurasa mia na zaidi. Masomo manne pamoja na zamu za wikiendi ni mazito sana. Kumbe unaweza kuchukua matatu tu, na Centrelink, ofisi ya serikali ya malipo ya msaada, bado wanakuhesabu mwanafunzi wa muda wote kwasababu wao wanaangalia asilimia 75 ya mzigo. Utachelewa kumaliza, lakini hakuna mwajiri atakayekuuliza kwanini ulitumia miaka sita au saba, ataangalia maksi. Na maksi za miaka ya katikati ndo zinakupatia nafasi ya kufanya kazi ya kiangazi kwenye makampuni ya mawakili mwaka mmoja kabla hujamaliza, kwaiyo usizichome kwa haraka.

Na tarehe ya sensa!! Kila semesta ina siku yake, ya kwanza huwa mwishoni mwa mwezi wa tatu. Somo ukilitoa kabla ya hapo huna deni, ukipitisha hata siku moja deni ni lako hata usipofanya mtihani. Iandike kwenye simu leo.

Mama_Zawadi_Perth
Hongera mwanangu. Niongee hela, maana watoto wetu wengi wanababaika hapa na mabinti wazuri wanaacha nafasi kwa kudhani hawana haki.

Angalia visa yenu. Kama mlikuja kwa visa ya kudumu ya kibinadamu, 200 au 202 na ndugu zake, unapata nafasi inayolipiwa sehemu na serikali PAMOJA na mkopo wa HECS-HELP, uraia hauhitajiki, muhimu uwe unaishi huku. Lakini yule mwenye ukaazi wa kudumu wa aina nyingine, mfano aliyeletwa na mume, anapata hiyo nafasi ila mkopo hapati mpaka awe raia, inabidi alipe mwenyewe kabla ya sensa. Kwaiyo mko watoto wawili wa Kikongo darasa moja na mambo yenu ya hela ni tofauti kabisa, usisikilize ya jirani. Uwe na namba ya kodi TFN na namba ya mwanafunzi USI, ujaze fomu ya mkopo mapema.

Bei sasa. Serikali ilibadilisha viwango mwaka 2021, sheria na historia zikawekwa kundi la juu kabisa, dola 14,500 kwa mwaka wakati ule, sa hivi inazungukia 17,000. Kwa miaka mitano ni deni kubwa, mimi naona ni uonevu kwa wanaosoma masomo haya na nalisema wazi. Ila halidaiwi kama la benki, linakatwa kwenye kodi ukishaanza kupata zaidi ya kiwango fulani kwa mwaka (mwaka wa kodi 2025-26 kilikuwa dola 67,000), ukiwa chini ya hapo halikusumbui. Mweleze baba hivyo hivyo, wazazi wanaogopa neno deni wakikumbuka madeni ya kule.

Na wanahesabu kwa somo, sio kwa digrii. Lugha ziko kundi la chini, mwaka mzima wa lugha haufiki hata dola 5,000. Sasa wewe una Kifaransa, mbona unakiacha pembeni? Weka Kifaransa ndo msingi wa BA, historia iwe ya pili.

Neema_Logan
Mama asante sana, tulikuja na 200, nimewasomea wazazi hii yote wakiwa mezani 🙏🙏 Baba amenyamaza kidogo, ila ya historia bado. Anauliza wakili anaitaka ya nini.

Msomi_Townsville
Mpe baba stori ya Eddie Mabo. Alikuwa mtu wa kisiwa cha Mer huko Torres Strait, anafanya kazi ya bustani hapa James Cook University. Mwaka 1974 alikuwa anapiga stori na wanahistoria wawili wa chuo, Henry Reynolds na Noel Loos, akiwaeleza shamba la familia yake Mer, wao ndo wakamwambia kwamba kisheria ile ardhi ni ya serikali. Alishtuka sana. Miaka imepita kesi ikafika Mahakama Kuu, na tarehe 3 Juni 1992 majaji wakakubali kwamba watu wa Mer walikuwa na haki juu ya ardhi yao kabla Waingereza hawajafika, ule uongo kwamba bara hili halikuwa na wenyewe ukaanguka. Mabo mwenyewe alikuwa ameshafariki mwezi wa kwanza mwaka huo huo. Ile kesi ilihitaji mtu wa kueleza nani alilima wapi, nani alimrithisha nani, mipaka ilijulikanaje bila karatasi. Hiyo ni kazi ya historia, wakili asiyejua kuuliza hayo maswali hana cha kupeleka mahakamani. Na familia ya Fizi inayajua mambo ya ardhi na kurithi kuliko sisi wote hapa, baba ataelewa tu.

Neema_Logan
Hii ameielewa!! Kasikiliza mpaka mwisho alafu akaanza kunihadithia shamba la babu. La mwisho, siku nikitaka kufanya kazi Kongo hii digrii itanifaa?

Mwana_wa_Kasulu
Kenya, Uganda na Tanzania wana mfumo wa sheria wenye asili ya Uingereza kama huku, kwaiyo ulichosoma kinaeleweka, ingawa bado utatakiwa digrii itambuliwe na upite shule yao ya sheria. Kongo na Burundi ni mfumo wa Wabelgiji, mwingine kabisa, kule usitegemee kuingia mahakamani kwa LLB (digrii ya sheria) ya Brisbane bila kusoma tena. Lakini mahakama ya kimataifa ya jinai kule The Hague inafanya kazi kwa Kiingereza na Kifaransa, na mtu wa kwanza kutiwa hatiani pale, mwaka 2012, ni Thomas Lubanga wa Ituri, kwa kuwatumikisha watoto vitani. Wewe una Kiswahili, una Kifaransa, utakuwa na sheria. Tafuta kama chuo chako kina somo la sheria ya kimataifa ya jinai, uliweke mwaka wa nne kwenye ile karatasi, na uangalie sharti lake ni somo gani.