Tuko na staa na bado tunapigwa kila wikendi, nifanyeje?

kocha_manyatta:
Wadau mko poa? Mimi nashikilia timu ya basketboli ya mtaa huku Kisumu, vijana wa Manyatta na Kondele wamechanganyika. Kuna mmoja wetu, jina naweka, mkono wa kushoto, huyo akiamua kuingia ndani hakuna wa kumsimamisha. Jumamosi alifunga 29 na tukapigwa 51-44, yaani wengine wote kwa jumla walileta 15 tu! Kwota ya mwisho wale jamaa walimpatia mtu mmoja wa kumganda kama kupe, wanne waliobaki wakasimama boksi mbele ya ringi, basi wangu wakaanza kuzungusha mpira huko nje, kila mtu anamtafuta yeye kwa macho, zile sekunde 24 za kushuti zinaisha tumeushika tu. Sasa mashabiki nusu wanasema nimpe mpira zaidi, nusu wanasema nimkalishe benchi awaachie wenzake. Nisikize nani?

section58_nakuru:
Usisikize yeyote kati yao lol. Pole lakini, hii hata Michael Jordan wa Chicago Bulls kule NBA ilimpata. 1986 aliwafunga Boston 63 kwa mechi moja ya mchujo na Bulls bado wakapoteza. Msimu uliofuata alikuwa na wastani wa pointi 37.1, hebu fikiria, na Boston wakawatoa raundi ya kwanza 3-0. Halafu Detroit wakawatoa miaka mitatu mfululizo, 1988 mpaka 1990, kila akiingia ndani anakuta watu watatu wanamngoja na viwiko. Wenzake Pippen na Grant walikuwa wameingia 1987, na kocha Phil Jackson alipopewa timu 1989 akakazania ule mfumo wa pembetatu wa msaidizi wake mzee Tex Winter, mpira haulali kwa mtu mmoja. 1991 wakabeba ubingwa. Mechi ya mwisho ya hiyo fainali mwenzake Paxson alifunga 20 kwa sababu watu walikuwa wamemkimbilia Jordan. Paxson! Mtu ambaye hata kudanki hakuna aliyemtarajia.

dada_ribaundi:
Historia ni sawa lakini kocha ana mechi Jumamosi, si semina. Nimecheza namba moja, yule wa kuongoza mpira, miaka mingi na hiyo boksi nimeipata sana. Wakimgandia mtu, mfanye yeye ndiye aweke skrini, yaani asimame amzuie mtetezi wa mwenye mpira. Yule kupe wake hawezi kumwacha, kwa hivyo atakuja naye mpaka kwa mwenye mpira, sasa watetezi wawili wamejaa mahali pamoja na mtu wako mmoja yuko huru kabisa. Mazoezini pia, dakika kumi staa asidribo hata mara moja, akipokea ashuti ama atoe. Na hao wanne uangalie mikono, mimi nakwambia utaona wanapokea mpira na vidole vimekauka kama wamepewa chungu cha moto. Hao si wabaya, wamezoea tu kutoguswa na mpira mpaka dakika za mwisho. Wape shuti zao kwota ya kwanza hata wakikosa. Watakosa, vumilia.

boda_wa_kakamega:
Mimi napinga kidogo. Shuti mtawagawia lakini ribaundi, ile mipira inayokosa ringi, ataokota nani? Iverson wa Philadelphia 2001 aliwafunga Lakers 48 mechi ya kwanza ya fainali, Philadelphia wakashinda, na alikuwa na Mutombo, yule mrefu wa kuzuia, ndani, na bado wakapigwa nne mfululizo kwa sababu upande ule kulikuwa na Shaq na Kobe. Lakini bila Mutombo hata fainali hawangeiona. Mfano mzuri ni Dallas 2011: staa ni Dirk, halafu Chandler wa kuokota mipira na kufunga njia, Kidd wa kugawa, Terry wa kutoka benchi akiwa moto. Hakuna hata mmoja aliyetaka kuwa Dirk. Wakawapiga Miami ya LeBron, Wade na Bosh 4-2. Tafuta mtu mrefu asiyependa kushuti, hao wako wengi, shida ni kwamba kila mrefu siku hizi anataka kupiga tatu.

section58_nakuru:
@boda_wa_kakamega hapo kwa warefu umenimaliza 😂 lakini ni ukweli. Hata hapa kwetu, 2021 Ongwae wa timu ya taifa ya Kenya alitupia Angola ile shuti ya mwisho tukaenda AfroBasket, kombe la Afrika, baada ya miaka 28, watu wanakumbuka shuti tu, hakuna anayekumbuka difensi ya dakika arobaini iliyotufikisha pale.

kocha_manyatta:
Shukrani nyote. Jana nimejaribu hiyo ya dada, staa aliweka skrini tatu akanuna, ya nne mwenzake akafunga peke yake chini ya ringi, basi yeye ndiye alipiga kelele kuliko wote. Kumkalisha benchi nimeachana nayo. Kuhusu mrefu, kuna kijana anaendesha boda hapa Kondele, hajawahi cheza lakini anaokota kila kitu na hapendi kushuti. Amekubali. Ila anavaa saizi 47, Jumapili nitazunguka soko la Kibuye kwa mitumba, mwenye amewahi kuona kiatu cha hivyo huko aniambie ni upande gani.