Tupeane uzoefu: kuwinda kibodi za zamani kwenye minada ya mtandaoni

MlaSpringi

Wakuu, heshima kwenu. Kuna mnada unafungwa leo usiku, zimebaki saa tisa, na kidole kinaniwasha. Tangazo linasema "kibodi ya zamani, nzito, haijajaribiwa, inauzwa kama ilivyo". Picha ni tatu: moja ya mbele, moja ya ubavuni, na ya tatu ni paka wa muuzaji kalalia waya. Mgongo haukupigwa picha. Nembo ya IBM naiona, na umbo ni la Model M kabisa, ile kibodi ya IBM inayosifika kwa springi chini ya vitufe.

Nasita kwa sababu niliwahi kuumia. Mnada wa kwanza kushinda maishani mwangu ulikuwa wa kibodi yenye lebo ya Model M mgongoni. Nilishangilia peke yangu chumbani. Ilipofika nikabonyeza kitufe cha kwanza: kimya. Kama kukanyaga sponji iliyolowa. Kumbe zipo Model M za kuba za mpira, hazina springi hata moja. Muuzaji wala hakunidanganya. Neno "springi" halikuwemo kwenye tangazo, nililiweka mimi kichwani mwangu.

Haya, tupeane uzoefu. Mliotea vipi, mkaliwa vipi? Na huu wa leo niuache?

MzeeWaRiveti

Mkuu, usiuache. Mwandikie muuzaji sasa hivi, umwombe ang'oe kifuniko cha kitufe kimoja tu apige picha. Ukiona springi imesimama ndani ya kishimo, ndiyo yenyewe. Kazi hiyo haimalizi dakika mbili, na muuzaji anayekataa kuifanya amekwisha kukujibu. Halafu aigeuze, apige picha ya lebo. Pale kuna namba ya aina na tarehe ya kutengenezwa. 1391401 ndiyo ya kawaida, imejaa. Ukikuta 1391472 usimwambie mtu, hiyo ni ile fupi isiyo na vitufe vya namba upande wa kulia, na bei yake huwa haina adabu.

Mimi niliumizwa na usafirishaji. Nilinunua 1391401 ya mwaka 1989, safi, picha zote zipo, muuzaji mstaarabu. Akaitia kitu cha zaidi ya kilo mbili kwenye boksi jembamba na gazeti moja lililokunjwa. Mtu wa vifurushi aliponikabidhi, boksi likalia kama kayamba.

Kwa wasiojua, ndani ya Model M bamba la chuma na bamba la plastiki vimebanwa pamoja kwa vijiti vidogo vya plastiki vilivyoyeyushwa vichwa. Plastiki hiyo ikizeeka inakauka, na ikipata mshtuko vichwa vinakatika. Kayamba lenyewe ndilo hilo. Vikikatika vichache kibodi inaendelea kuandika, vikizidi mabamba yanaachana na baadhi ya vitufe vinakuwa vizito au vinakufa.

Nikaamua kutengeneza. Kwanza kuifungua ni mtihani: skrubu nne zenye kichwa cha pembe sita, zimezama shimoni, zinataka soketi nyembamba ya milimita 5.5. Soketi nene haiingii, na ukilazimisha utapasua plastiki. Halafu wikiendi mbili nzima nikitoboa tundu moja moja na kuweka skrubu za M2 na nati zake. Springi zilitapakaa mezani. Moja iliruka hadi leo sijui ilikotua, kwa hiyo Scroll Lock yangu haifanyi kazi. Bado sijaihitaji.

Tangu hapo, kabla ya kuweka dau namuuliza muuzaji atafungashaje. Natuma maelekezo kabisa: boksi la pili nje ya la kwanza, plastiki ya mapovu pande zote, vifuniko vilivyolegea viwe kwenye mfuko wao. Wengine wananiona msumbufu. Sawa tu.

DadaAlps

Mzee wa riveti kasema kweli, ila picha ya mbele nayo huwa inaongea ukiisikiliza.

Niliona Apple Extended Keyboard, ile ya kwanza ya 1987, M0115. Muuzaji aliandika "rangi imeharibika", na kweli kitufe cha nafasi kilikuwa cha manjano kama jino la mvutaji. Watu wakaikimbia. Lakini angalia vitufe vingine: vyote vina rangi yake ileile, maandishi makali. Vile ni vya plastiki ya PBT, ambayo haigeuki manjano kirahisi. Cha nafasi peke yake ni ABS, plastiki ya aina nyingine, na ABS ndiyo inayougua. Kwa hiyo kilichowatisha wenzangu ni kitufe kimoja. Nilishinda kwa dau la pili, hakuna aliyekuja nyuma yangu.

Nisiwafiche na upande wa pili. Picha haikuonyesha vumbi. Kibodi ilikaa miaka stoo bila kufunikwa, na swichi zake za chini ya vitufe, za kampuni ya Alps, haziwezi vumbi kabisa. Nilibonyeza A nikahisi mchanga. Kuna watu watakwambia pulizia hewa inaisha. Haiishi, unalisukuma ndani zaidi. Ilibidi nichomoe swichi zote kwa mashine ya kunyonya risasi ya kulehemu, nifungue moja moja nioshe. Zaidi ya mia. Vidole vilinuka risasi wiki nzima.

Waya wake wa ADB, wa kuunganishia na kompyuta za Apple za zamani, haukuja. Hapo ndipo nilipojifunza kwamba waya wa S-Video una plagi ileile ya pini nne, nikatumia wa televisheni kuukuu. Baada ya hapo ni kigeuzi cha kwenda USB, basi.

NimepitaTu

Samahani wakuu, kwa nini msinunue mpya tu?

MzeeWaRiveti

Swali halali, mkuu. Unicomp wanazitengeneza zenye springi zilezile tangu 1996, walipochukua kazi hiyo kutoka Lexmark. Ukitaka kuandika, nunua hiyo ukalale. Sisi humu tuna ugonjwa mwingine.

Mviziaji

Hakuna aliyegusa dau lenyewe, na hapo ndipo pesa inapotoroka.

Kosa langu la zamani: kupandisha mapema. Siku tano kabla ya mwisho naweka dau, mwingine ananizidi, nakasirika, naongeza. Tunapigana wawili hadi bei inapita kibodi nzima mara mbili, na watazamaji wanaanza kuamini ni kitu cha maana, nao wanaingia. Siku hizi naandika kwenye karatasi kiasi ambacho nikishindwa kwacho sitalala na kinyongo. Naweka mara moja, sekunde nane kabla ya kufunga. Mfumo wa eBay wenyewe unakupandishia hatua kwa hatua hadi kikomo chako, kwa hiyo huogopi kulipa chote bila sababu. Faida ya kuvizia ni kwamba hujampa mwenzako muda wa kukasirika.

Ila mbinu hiyo usiipeleke kwenye minada ya Yahoo ya Japani. Kule wauzaji wengi wanaacha nyongeza ya muda ikiwa imewashwa: dau likiingia katika dakika tano za mwisho, saa inarudishwa nyuma dakika tano nyingine. Nilivizia kibodi ya PC-9801, kompyuta ya zamani ya NEC ya Japani, nikaruka kwa furaha, saa ikaongezeka. Nikavizia tena. Tulikwenda hivyo karibu saa nzima, mimi na mtu nisiyemjua, hadi nikaona aibu nikaacha. Na mkiona neno "janku", yaani takataka, kwenye tangazo la huko msikimbie. Wanaliandika hata kwenye kitu ambacho hawakupata tu pa kukichomeka. Lakini ukishanunua hurudishi, hilo lieleweke.

Vitufe83

Mimi ni wa kuchomeka. Nilipata Model F ya IBM PC, ile yenye vitufe 83 iliyotoka na mashine ya 1981. Plagi ya duara yenye pini tano. Nikasema adapta zipo, za kwenda PS/2, ile plagi ndogo ya duara ya kibodi za kabla ya USB, bei rahisi. Nikaunganisha, kompyuta ikakaa kama haijaona kitu. Nikadhani imekufa, nikaitangaza niiuze tena kama mbovu.

Mtu mmoja akaniandikia kabla mnada haujaisha: ndugu, toa tangazo. Ile inaongea lugha ya XT, ya kompyuta za kwanza za IBM PC, na adapta ya waya mtupu haitafsiri. Ya vitufe 84 ya kompyuta ya IBM AT ya 1984 ndiyo inayokubali adapta ya waya kwenda PS/2, plagi zinafanana ndio maana tunachanganya. Nikatengeneza kigeuzi kwa kibao kidogo chenye chipu ya ATmega32U4. Iliwaka mara ya kwanza. Sauti yake siwezi kuieleza, mwisho wa kila kitufe kuna mlio wa chuma unaobaki hewani kidogo.

Yule mtu angeweza kukaa kimya akainunua kwa bei ya takataka. Sijawahi kumlipa.

MlaSpringi

Mrejesho. Muuzaji kajibu baada ya saa mbili. Kang'oa kitufe cha Esc, springi hiyo hapo imesimama. Lebo: 1391401, ya 1988. Hata paka kamtoa kwenye waya, waya mzima.

Nikaandika kiasi kwenye karatasi kama alivyosema Mviziaji. Nikavizia sekunde nane. Nimepitwa kwa hatua moja ya dau. Moja! Karatasi bado iko mbele yangu na mkono ulitaka kuongeza, muda ndio uliokataa.

DadaAlps

Pole sana. Ndiyo 1391401, itakuja nyingine.

MlaSpringi

Subirini kwanza. Muuzaji ameniandikia tena, anasema nilikuwa mtu pekee aliyemuuliza swali. Anazo mbili nyingine za mtambo wa zamani, hajazitangaza kwa kuwa anaona hazina soko. Anasema zina vitufe vingi mno, juu kuna safu mbili zinaishia F24, na plagi ni kama ya waya wa mtandao. Hizo ni nini, zina maana yoyote?

MzeeWaRiveti

Hizo ni za vituo vya kompyuta kubwa, vitufe 122. Plagi isikutishe, kigeuzi kipo. Aombwe picha ya mgongo, na aambiwe boksi mbili, moja ndani ya nyingine.

Mviziaji

Na wewe acha kuandika hapa, tunasoma wengi. Mjibu kwanza.